Kalamu ya Nyama

Kipaza sauti kikipiga ule mluzi wake kabla mtu hajasema neno, mimi hutafuta njia ya kutoka. Niwe harusini, niwe kanisani, ni vilevile. Wajukuu wangu hunitania kwa hilo, na siwalaumu, maana hawakuwapo mtaani kwetu Namuwongo, Kampala, siku ile, enzi za serikali ya wanajeshi, nikiwa na miaka minane.

Kwanza nikueleze habari za mama. Alitoka Bukavu, wanakosema "njo" penye "ndio", aliuza vitenge kando ya reli, na alikuwa na ugonjwa wa kucheka. Sisemi tabasamu, nasema kicheko cha kutoka tumboni, cha kumlaza mtu mkekani akishika mbavu. "Cheka unenepe," alipenda kusema, naye alikuwa amenenepa hasa. Kilichomchekesha kuliko vyote ni Kiswahili cha Kampala, maana majirani zetu Waganda waliweka l penye r na r penye l kwa moyo mweupe kabisa. Jina langu ni Furaha, lakini mtaa mzima uliniita Fulaha, na mama akawa Mama Fulaha.

Siku hiyo maduka yalifungwa kwa amri, tukakusanywa uwanjani kumlaki afande mpya. Alikaa kwenye kochi lililobebwa kutoka nyumba ya mtu, miwani myeusi usoni, askari wake wamesimama nyuma na bunduki. Mtaa wa pili kijana mmoja alikuwa amecheka mbele ya askari, wakamchukua, na mama yake alikuwa bado anamtafuta. Sote tulikijua kisa hicho. Mama alinishika mkono, akaninong'oneza, "Leo tusisikilize. Tuangalie chini tu."

Kipaza sauti kikapiga mluzi, na chifu wa mtaa akasimama kutoa hotuba. Alikuwa mzee mpole, na shati lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini afande hakujua Kiganda, basi angefanyaje?

"Afande, kalibu sana," alianza. "Sisi laia tuna fulaha."

Watu wawili watatu wakanitupia jicho. Vidole vya mama vikabana vyangu.

"Leo tumekuandalia kalamu kubwa," chifu akaendelea, maskini, akipaza sauti. "Kalamu ya nyama! Afande atakula kalamu mpaka ashibe. Na sisi laia tutakula kalamu ya selikari."

Mabega ya mama yakaanza kutikisika. Nilizijua dalili zote. Alijiziba mdomo kwa ncha ya kitenge, akajikaza kisabuni, machozi yakamjaa, nami nikamwomba Mungu amzuie. Sauti ikamponyoka, ndogo kama kwikwi, kisha kubwa. Chifu akanyamaza. Lakini vichwa vilipogeuka, sauti ile ilikuwa imebadilika. Mama alikuwa amepiga magoti, analia.

Afande akavua miwani. "Wewe mama, nalia nini?"

"Njo kaka yangu ninamulilia, afande. Wa tumbo moja."

"Nani kuua yeye?"

Sijapata kuogopa vile tena maishani mwangu.

"Mungu njo anajua, afande."

Afande alimtazama kwa muda mrefu, kisha akarudisha miwani usoni. "Wacha mama nalia," akamwambia chifu. "Wewe, endelea."

Mama akalia. Alilia hotuba nzima, akalia hata nyama ilipogawiwa, na hakuna askari aliyemgusa.

Jioni majirani walijaa kwetu kumsifu. "Mama Fulaha, wewe iko mjanja sana," walisema, nami kichwa kikavimba. Nilijua amemdanganya afande. Kaka yake alikuwa mmoja tu, Mjomba Bahati, fundi wa redio, na sisi watoto tulikuwa tumeambiwa amesafiri kwenda Bukavu. Kwa miaka mingi nilisimulia kisa kile nikiwavunja watu mbavu. Mama peke yake hakuwahi kukicheka.

Nilikuwa nimeshaolewa aliponieleza. Mjomba hakwenda Bukavu. Askari walimtia kwenye buti la gari pale Wandegeya, siku chache kabla ya hotuba ile, na maiti yake haikupatikana. Nyakati zile, kumlilia hadharani mtu aliyechukuliwa ilikuwa sawa na kuishtaki serikali. Kwa hiyo mama aliuza vitenge vyake, akatupikia, akatudanganya, macho makavu.

"Nilicheka kweli, mtoto wangu," aliniambia. "Kisha kilio kikafuata, nikashindwa kukirudisha."

Iliniuma sana, na bado inaniuma. Siku ile mtaa mzima ulisimama kimya kumzunguka mama akimlilia kaka yake, nami nimeshika kitenge chake, nisijue kwamba niko matangani.