Mteremko wa Kwenda kwa Baba Mkubwa

Enzi zetu (chekeni, najua sijafika hata miaka arobaini) baiskeli ya mtoto wa Kariakoo haikununuliwa, iliungwa. Fremu ilitoka Gerezani kwa mafundi wa vyuma chakavu, gurudumu la mbele lilikuwa kubwa kuliko la nyuma, na kiti kilikuwa kipande cha sponji kilichofungwa kwa mpira wa tyubu. Breki ilikuwa ndala. Unakandamiza tairi la nyuma kwa unyayo, ndala inalia, harufu ya mpira ulioungua inakufikia puani, unasimama. Au husimami.

Nakumbuka tulivyopenya kati ya mikokoteni na marobota ya mitumba, wapagazi wakitufokea tupishe njia, mdomoni ubuyu umetupaka rangi nyekundu mpaka kidevuni. Mama alikuwa na onyo moja tu: "Mkiumia, hospitali mtajipeleka na hiyo hiyo baiskeli yenu." Baba naye alikuwa na msemo wake, aliousema akiwa amesimama katikati ya masufuria ya dukani kwake: "Baiskeli haina rivasi." Kwake hiyo ilikuwa falsafa ya maisha. Ukishaamua, umeamua. Ukishasema, umesema.

Mwenzangu wa safari zote alikuwa Shabani, jirani yetu, mtoto wa fundi cherehani aliyehamia mjini kutoka Lindi. Shabani aliamini kuwa baiskeli isiyopambwa ni mkokoteni. Kila Idi alikusanya vipande vya kitambaa chini ya cherehani ya baba yake, akavifunga kwenye usukani, kwenye fremu, hata kwenye spoki, tukaenda Mnazi Mmoja tukimeremeta kama maharusi. Mimi aliniita Mangi Mdogo, kwa sababu Baba, kama Wachaga wote wenye maduka pale mtaani, aliitwa Mangi.

Desemba moja Baba alikubali Shabani aje na sisi Moshi kula Krismasi. Baiskeli zetu ziliingia kwenye buti la basi pamoja na magunia ya mchele, na kondakta akauliza kama tunapeleka vyuma chakavu kuuza. Tulipofika juu kijijini, Shabani alitazama ile barabara ya changarawe iliyojikunja migombani kama mkanda uliotupwa, akasema, "Mangi, huku kwenu hakuna hata sehemu moja iliyonyooka?"

Haikuwepo. Wala ndani ya ukoo mambo hayakuwa yamenyooka.

Baba na kaka yake, Baba Mkubwa, walikuwa wamegombana kwa sababu ya mpaka wa kihamba, lile shamba la migomba waliloachiwa na babu. Baba Mkubwa aling'oa mstari wa mimea ya mpakani akidai umeingia kwake. Baba akamwita mwizi, mbele ya watu, siku ya mkutano wa ukoo. Baada ya hapo hawakusemezana tena. Tulipita mbele ya geti lake, ambalo liko chini kabisa ya mteremko, bila kutoa hata salamu, na Baba alitushika mikono tusije tukapunga.

Aliyeumia zaidi ni Bibi, mama yao. Alikuwa ameanza kupungua, shuka alilojifunga lilikuwa linamzunguka mara mbili. Mwaka uliotangulia Baba alichinja mbuzi wa Krismasi, akampelekea Bibi nyama, naye akairudisha. "Nyama ya mtoto mmoja haipiti kooni," alisema, akala ndizi zake zilizochemshwa. Safari hii aliongeza neno: "Na mwakani sijui kama mtanikuta." Baba alitazama miguu yake. Alikuwa mtu asiye na rivasi.

Sisi watoto tulikuwa na shughuli zetu. Siku moja kabla ya Krismasi tulisukuma baiskeli kupanda mlima kwenda kuona mahandaki ambayo wazee walichimba zamani wajifiche na ng'ombe wao wakati wa vita. Mlinzi wa pale alituambia watu waliishi humo muda mrefu bila kuonekana. Nikamuuliza moshi wa kupikia ulitokea wapi. Akasema mtoto mwenye maswali mengi huchelewa kuota ndevu. Ndevu niliota, jibu sijapata mpaka leo. Kutoka hapo tukapanda tena hadi kanisa la mawe lililojengwa na wamisionari wa Kijerumani, kuta zake nene kama za ghala la bandarini, ndani baridi na harufu ya nta. Akina mama walikuwa wanapamba madhabahu kwa maua na majani ya migomba.

Hapo ndipo Shabani alipokumbuka dini yake nyingine, ile ya mapambo. "Wao wanapamba, sisi tutateremka watupu hivi?" Vitambaa hatukuwa navyo. Pembeni ya njia kulikuwa na ua wa mimea mirefu yenye majani mapana, ya kijani kinachong'aa. Tukachuma. Jani lilikuwa gumu, halikatiki ovyo, likakubali fundo vizuri sana. Tukafunga mafundo kwenye usukani wangu, kwenye usukani wake, na mengine nyuma kwenye keria.

Yale yalikuwa masale. Mchaga yeyote aliyekulia mlimani angetupigia kelele. Lakini mimi nilikulia Kariakoo, na Baba hakutufundisha Kichaga kwa hofu kwamba kingeharibu Kiingereza chetu cha shule. Sikujua kwamba sale ndiyo mimea ya mpakani, ile ile iliyong'olewa. Sikujua pia kwamba jani la sale lililofungwa fundo, likipelekwa kwa mtu uliyemkosea, ni ombi la msamaha, na kwamba anayeletewa hana ruhusa ya kukataa.

Tukateremka. Raha ya ule mteremko siwezi kuieleza, upepo umejaa kwenye mashati, kokoto zinaruka, mfereji wa maji unakimbizana nasi pembeni, Shabani anapiga takbira na mimi naimba pambio la Krismasi. Kwenye kona ya mwisho ndala yangu ilikatika kamba. Shabani alikuwa nyuma yangu, na ndala yake ilikuwa imeshatoboka.

"Mangi, shika breki!"

"Breki gani?"

Geti la Baba Mkubwa lilikuwa wazi. Tulipita pale kama maji ya mfereji uliobomoka, tukaishia kwenye rundo la majani ya ng'ombe.

Baba Mkubwa alitoka bandani na panga la kukatia majani. Nikasema shikamoo nikiwa bado nimelala chali. Alikuwa anatazama usukani wangu. Akaliweka panga chini, polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Akachomoa jani moja kwenye usukani, fundo lake likiwa zima. Akanawa miguu bombani, akavaa koti. "Twendeni," alisema.

Tulimfuata tukisukuma baiskeli, Shabani akininong'oneza, "Anaenda kutusemea. Leo tunachapwa mpaka Idi."

Baba alikuwa uani kwa Bibi, ananoa kisu. Aliinua kichwa akamwona kaka yake analetwa na njia ile ambayo hakuwahi kuipita tangu ugomvi, mkononi ana jani la sale lenye fundo. Kisu kilisimama juu ya jiwe.

Leo naelewa alichokiona. Aliona kaka yake amekuja kuomba radhi. Na Baba Mkubwa alikuwa amekuja kumwambia mdogo wake kwamba radhi yake imefika, imepokelewa. Kila mmoja alikuwa anamsamehe mwenzake aliyeomba, na hakuna aliyeomba.

"Karibu, kaka," Baba alisema.

"Nimeliona," alijibu Baba Mkubwa.

Hawakuulizana kitu. Bibi alitoka jikoni na mwiko wa mtori wa ndizi mkononi. Akawatazama wanawe, akatazama jani, kisha akageuka akatazama baiskeli ya Shabani, iliyokuwa imepambwa kama gari la harusi kwa mafundo ya masale. Akatusogelea. Akayang'oa moja baada ya jingine, ya Shabani na yangu, akamrushia ng'ombe. "Nendeni mkaoge," alisema. "Na midomo yenu ioge pia, isibaki na neno."

Krismasi ile Bibi alikula nyama. Alikula mpaka tukaogopa.

Nilikwenda chuo kikuu, nikajifunza kuhoji mila, dini, serikali na wahadhiri wenyewe. Baba nilimhoji kila kitu, isipokuwa lile jani. Kwa miaka yote alisimulia jinsi kaka yake alivyomjia, na kule mlimani Baba Mkubwa, hadi tulipomzika, alisimulia jinsi mdogo wake alivyomtumia mtoto. Hadithi mbili, zote zina furaha. Ningeigusa ipi?

Shabani sasa ana duka la vipuri Gerezani. Wiki iliyopita kijana wake, Idrisa, alikuja dukani kwa Baba kuaga, yeye na wenzake wanakwenda kuendesha baiskeli milima ile ile. Ana kofia ngumu, miwani, na simu inayomwambia mlima umeinuka kiasi gani kabla hajaupanda. Sisi mlima ulituambia wenyewe, magotini. Alimpigia Baba magoti kidogo kwa shikamoo, kisha akamwonyesha breki zake: unagusa kwa kidole kimoja tu, baiskeli inasimama kama imepigiliwa msumari.

Baba aliigusa, akaitikia kwa kichwa. Idrisa alipoondoka, akabaki anapangusa sufuria ambayo haikuwa na vumbi.

"Siku ile," alisema bila kunitazama, "nyinyi mlikuwa mnateremka tu, sivyo?"

"Tulikuwa tunateremka, Baba. Ndala ilikatika."

"Najua. Niliwaona na yale mapambo yenu." Akaipachika sufuria juu ya nyingine. "Mngekuwa na breki, kaka yangu angekufa tumenuniana."

Nje, Idrisa alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara akisubiri mkokoteni upite. Namtakia safari njema, yeye na wenzake. Lakini baiskeli za siku hizi zina breki nzuri mno.