Swali la Kipandio cha Thelathini na Moja

Siku kumi baada ya kuanguka, Eulogia Duvergel alikuwa hajamsamehe mtu, wala hakuwa na nia hiyo. Mkono wa kushoto ulikuwa kwenye plasta, nyonga imevilia damu, na kila aliyekuja kumpa pole alitoa hukumu ileile: "Uzee huo, Bibi. Macho." Uzee gani! Aliyemwangusha ana jina, ana nyumba, na ana rangi ya nywele ya kufichia mvi: Zoraida Despaigne, jirani wa mlango wa nne.

Kweli, macho hayakuwa mazima. Aliyamaliza kwenye sindano, miaka arobaini akishonea shanga majoho ya kanivali. Sikio la kulia lililiwa na ngoma za kanivali hiyohiyo, na kisukari kilizitia nyayo zake ganzi, kandambili ikimvuka hajui. Lakini alikuwa na hesabu. Ngazi ya mtaa wao pale Tivolí, kitongoji cha kilimani, ina vipandio hamsini na viwili, naye alivishuka kila asubuhi akihesabu kimoyomoyo, kila kimoja na ubaya wake. Cha tisa kinateleza, cha ishirini kimelala upande, cha thelathini na moja kimemeguka, na ndipo hapo reli ya kushikia ilipokatika. Kwa miaka sita, tangu macho yafifie, hakuwahi hata kujikwaa.

Asubuhi ile alikuwa amefika thelathini Zoraida alipopaza sauti kutoka mlangoni pake: "Eulogia! Ile foleni ya mafuta jana, mimi nilikuwa nyuma ya nani?"

Huku kwetu foleni haina mstari. Unafika, unauliza nani wa mwisho, unaikariri sura yake, kisha unakwenda kukaa kivulini unapotaka. Kwa hiyo swali kama hilo halijibiwi hivihivi. Lazima uitafute sura. Eulogia akaitafuta, hesabu ikampotea, mguu ukakanyaga hewa. Alipokuwa amelala chini, akasikia Zoraida anacheka. Mfupa uliunga, kicheko hakikumtoka moyoni.

Plasta ilipotolewa, daktari wa mtaa, Yanelis, binti wa umri wa mjukuu wake, alimtembeza ndani ya chumba cha kliniki. Akatembea vizuri.

"Sasa tembea hivyohivyo, Bibi, huku unanitajia wanyama."

"Mbuzi," Eulogia akasema. "Nguruwe..." Akasimama katikati ya chumba kama punda aliyegoma, akimtafuta mnyama wa tatu.

"Umeona?" Yanelis akacheka kidogo. "Kichwa na miguu vinakula sahani moja. Macho yako hafifu, nyayo hazisikii, kwa hiyo kichwa ndicho kinachofanya kazi ya wote. Ukikipa na swali juu yake, miguu inalala njaa. Mtu akikuuliza kitu njiani, simama kwanza, shika kitu, ndipo umjibu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana sana, mwanangu."

Alielewa kuliko daktari alivyotaka. Alikwenda kutafuta dawa, akarudi na silaha. Dawa ya moto ni moto, na Zoraida naye alikuwa na miaka sabini na tisa.

Akahamishia kiti dirishani, juu ya ngazi, na wiki tano nzima akamsoma adui yake huku anakunywa kahawa ya mgao, iliyoongezwa njegere za kusaga. Alimwona akipapasa kwa mguu wa kulia kabla ya kukanyaga. Alimwona akisimama kila aliposalimiwa. Aliona pia, na hili lilimfurahisha hadi akatamani kuimba, kwamba akifika thelathini huiachia reli na kwenda hatua mbili hana pa kushika. Swali likimkuta hapo, mguu uko hewani, atakwenda chini kama alivyokwenda mwenzake. Mwosha huoshwa.

Swali lenyewe alilichagua kwa roho mbaya na hakuona aibu. Lilimhusu Evelio, mpiga tarumbeta aliyemkimbia Zoraida siku ya harusi, akamwacha na gauni ambalo Eulogia mwenyewe ndiye aliyelishona.

Jumatatu, saa moja asubuhi, Zoraida akatoka na mfuko wa mkate. Eulogia akasimama dirishani, akamhesabia vipandio. Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Thelathini. Mkono ukaiachia reli.

"Zoraida, shoga! Yule bwana wa tarumbeta aliyekutoroka siku ya harusi, aliitwa nani vile?"

Zoraida hakuanguka. Aliganda, mguu ukabaki hewani, kisha ukarudi taratibu ulikotoka. Akainua uso, akaangaza huku na huku.

"Nani ananiita?"

"Usijitie hamnazo! Ni mimi, Eulogia!"

"Eulogia yupi?"

Eulogia alikuwa amejiandaa kwa yowe, kwa tusi, hata kwa mfupa kuvunjika. Hakujiandaa kwa hilo. Eulogia yupi! Miaka hamsini na tano ya kutupiana maneno, na huyu mwanamke anataka kumdhulumu hata hiyo? Akavaa viatu, akashuka bila fimbo na bila kuhesabu. Atamkumbusha. Atamsomea kosa lake neno kwa neno mpaka alie.

Alimkuta amesimama palepale, hajui kama alikuwa anapanda au anashuka.

"Lete mkono," Eulogia akamfokea. "Tazama hapa palipomeguka. Hapa ndipo nilipoanguka. Mkono wangu huu ukavunjika, wiki sita nalishwa supu kwa kijiko! Na kuna mtu alisimama pale juu, akacheka!"

Zoraida akautazama ule mkono, akaupapasa pole pole hadi kwenye kiwiko. Machozi yakamlengalenga.

"Maskini dada yangu. Ni nani huyo katili?"

"Ni wewe, mwanamke mwovu! Wewe!"

Zoraida akatikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu anayesikia ubaya wa mtu asiyemfahamu.

"Mungu atamlipa," akasema. Akamshika Eulogia kwa nguvu zaidi, akangoja aambiwe atangulize mguu gani.