Jina Lililokaa Kwenye Ratiba

Nilisikia feni la ile kompyuta kabla hata sijamwamkia shangazi. Miaka yote hiyo, na bado linakoroma vilevile! Shangazi alinipigia simu nije kijijini Mtinko niamue, maana kwenye ukoo mimi ndiye mtu wa kompyuta: mashine ya stesheneri yake iongezewe nguvu, au itupwe inunuliwe mpya. Nilimjibu kwa mkato kwamba itupwe. Akasema, "Njoo uiangalie kwanza, mama." Shangazi akisema hivyo, huna ujanja.

Nikueleze ilivyokuwa zamani, nilipokuwa mtoto nikishinda hapo dukani. Skrini yake ilikuwa ya chogo, imefunikwa kanga kuzuia vumbi la kiangazi. Jirani alikuwa anakamua alizeti, kwa hiyo karatasi zetu zote zilinuka mafuta ya moto. Saa saba mchana bibi, mama yake shangazi, alituletea ugali wa uwele na mlenda, kisha akakaa mlangoni akimenya karanga, ameipa kompyuta mgongo. "Hicho kinajua watu wengi mno," alikuwa akisema.

Na kweli kiliwajua. Kazi kubwa ya shangazi ilikuwa kuchapa ratiba za mazishi. Mtu akifariki, hakuanza upya: alifungua ratiba ya marehemu aliyetangulia, akafuta jina, akaandika jipya palepale. Saa nne kutoa mwili, saa saba ibada, saa tisa kuzika, hayo hayakubadilika. Faili lilikuwa hilohilo moja, na kijiji kizima kilipita humo, mmoja akimpisha mwenzake. Mara nyingine alisahau kubadilisha mahali, waombolezaji wakakuta ukurasa wa pili una jina la mtu waliyemzika mwezi uliopita. Hakuna aliyecheka.

Siku moja, nikiwa na miaka kumi, shangazi alitoka kidogo. Nikafungua lile faili, nikafuta jina lililokuwepo, nikaandika la bibi. Utoto tu jamani, nilitaka kuona litapendezaje. Bibi, ambaye hakuwahi kuitazama mashine ile hata mara moja, akageuka. Akanikazia macho, kisha akarudi kwenye karanga zake. Nami nikahifadhi, kama nilivyofundishwa.

Wiki mbili zilizofuata hakufa mtu Mtinko. Akafa bibi, asubuhi, bila kuumwa. Shangazi alifungua faili aandike jina la mama yake, akakuta limeshaandikwa. Akaichapa ratiba hivyohivyo, hakuniuliza kitu. Sikuigusa tena mashine ile, na sikumwambia mtu. Wewe ndiye wa kwanza.

Sasa fundi kutoka mjini alikuwa ameshafungua boksi la kompyuta. "Dada, hili bado zima. Tukiweka diski mpya na kuongeza RAM, litakimbia. Mkitaka jipya pia sawa, nahamisha mafaili yote."

"Yote?" nikauliza. Nikamwomba akanywe chai kwanza.

Alipotoka nikatafuta lile faili nilifute, yaishe. Likafunguka. Jina la marehemu lilikuwa la shangazi, majina yote matatu. Na shangazi mwenyewe amesimama mlangoni, mzima, ameshika kikombe.

"Huwa najirudisha hapo kila nikimaliza la mtu," akasema kwa upole. "Tangu bibi yako. Pasikae wazi, wala pasikae mtoto wa mwenzangu."

"Kumbe ulijua ni mimi?"

"Nani mwingine alijua kuhifadhi?"

Nililia mpaka pumzi ikanipaa. Nikamwambia tununue mpya, hii tuichome moto. "Na wakija kesho kutaka ratiba?" akaniuliza.

Basi fundi akaweka diski mpya, akahamisha yote. Mimi nikafuta jina la shangazi. Kale kamstari ka kuandikia kakawa kanawaka na kuzima, kanangoja. Nikaandika langu. Shangazi alikataa siku tatu nzima. Nikamwambia, "Nilianza mimi, shangazi, acha nikae mimi."

Siku hizi mashine inawaka kabla hujavuta kiti, na haikoromi. Mkamua alizeti alishahama, harufu yake imeondoka naye. Pale mlangoni hakai mtu. Vyote hivyo vya zamani navitamani, hata ule mgongo wa bibi.

Ila kila wakizika mtu Mtinko, jioni simu yangu inaita. "Nimekurudisha, mama," shangazi ananiambia.

"Asante, shangazi," namjibu.