Kapo ya Subaru Yangu na Mama wa Kibua

Admin, ficha jina langu muzuri, juu mimi hapa Masisi niko muntu mukubwa. Siyo kujisifu. Hata kuku za hapa zinajua mulio ya gari yangu. Nikishuka soko, bamotari na pikipiki zao banajiweka kando benyewe, sawa vile gavana njo anapita. Niko na miaka makumi tano na kitu, masomo niliiacha mu primere juu mwalimu aliona nimeshajua sana, na niko na Subaru.

Ndiyo, Subaru. Ilitoka Japani imeshatembezwa na bengine, lakini inanguruma sawa simba yenye kushiba. Inavuta na magurudumu yote ine. Wakati ya mvua, fasi kamyo inalala mu matope juma nzima, mimi napita nikipiga honi tu. Gari zingine za huku usukani iko kushoto, yake iko kuume, njo maana bantu banasalimia bibi yangu ku kushoto: "Jambo Mama shofere!" Na yeye anaitika. Toka siku ile nilinunua gari, jamaa yote ikanifanya musemaji wake. Mwenye gari njo mwenye kusema.

Sasa musikilize haya yangu.

Mutoto wa dada yangu, muipwa wangu kabisa, alipata mubinti kule Kibua, mu Walikale. Mutoto wa adabu, analima, anaimba mu korali. Mama yake alikufa zamani, akalelewa na shangazi yake. Siku ya kupeleka mahari, jamaa ikasema mujomba njo atatubeba, mujomba njo atasema. Tukapakia maziwa, fromaje ile jibini ya kwetu, na mapanye, vitenge ya bamama. Mbuzi zilitangulia. Ndani ya gari tulikuwa mimi, dada yangu, bwana yake, na muipwa mwenyewe amevaa koti mupya.

Ku mupando moja ya mulima, ule mushale ya joto ukaenda mpaka ku nyekundu. Mvuke ikatoka mbele sawa chungu ya maharagi. Nikasimama.

Bwana ya dada akasema: "Shemeji, fungua kapo, kile kifuniko ya mbele, injini ipate upepo. Bidon ya maji iko hapa nyuma. Ikipoa tutainywesha."

Nikamuangalia na huruma. "Shemeji, wewe uko muntu wa ngombe. Subaru haifunguliwake mu njia. Bajapani balikataza. Inajipoza yenyewe."

"Na ule moshi?"

"Iko napumua."

Muipwa wangu akasema polepole: "Mujomba, tuone hata kidogo tu."

"Nani njo mwenye Subaru hapa?"

Nikawasha, tukapanda. Hatukufika mbali. Ikalia kitu sawa mufupa unavunjika, ikafa. Tukamalizia safari na pikipiki za bamotari, dada yangu amekumbatia fromaje sawa mutoto mugonjwa. Motari wangu alicheka njia yote: "Papa Subaru! Leo simba analala wapi?"

Kule Kibua, mukichelewa siku ya mahari habawapatie kiti. Munasimama mu kiwanja mpaka musemaji wenu aeleze, na kama maneno haina uzito, munalipa amande, faini ya mbuzi. Muzee wao akauliza: "Papa musemaji, mbona jua limetuacha?" Jasho inanishuka, maziwa imeshachachuka, macho yote ku mimi. Kinywa yangu ikajifungukia yenyewe.

"Bakwe," nikasema, "ile gari haijakoholaka hata siku moja. Imekanyaga tu udongo wa kwenu, ikafa. Hapa kuko muntu hataki hii ndoa. Ameifunga na dawa."

Sikutaja jina. Lakini bantu yote balijua ule shangazi alisemaka hataki mutoto wake aende mbali. Vichwa vikageuka mumoja-mumoja. Ule mama alikuwa anagawa chakula. Akasema: "Mimi? Mimi mwenye kuwapikia?" Akaweka mwiko chini, akaenda zake akipitia mu migomba.

Mubinti naye akatoka mu nyumba. "Ule mama njo alinilea. Jamaa yenye kumuita mulozi, siingie mwao." Tukarudi na vitu yote, hata ile fromaje.

Fundi alipanda toka Goma kuona gari. Alipoinua kapo mimi niliangalia milima, nikijifanya naongea na telefone. Akaniita: "Papa, hapa hakuna mulozi. Hapa hakuna maji." Nikamuambia anyamaze.

Lakini maneno haijanyamaza. Banasema kule Kibua bantu habaendake tena kuomba moto kwa ule mama, na mu kanisa benchi yake iko yake peke. Muipwa wangu haingiake tena kwangu. Alisimama tu ku mulango, akasema: "Mujomba, njo wewe ulilisema, njo wewe utaliondosha." Na chenye kunimaliza ni dada yangu. Yeye ananitetea kila fasi: "Kaka yangu hawezi kudanganya juu ya gari."

Siku ya Mungu yenye kuja, juma pili, bazee ya pande mbili banakaa Kibua, na ule mama atakuwa pale. Mimi njo nitasimama ya kwanza. Nikishikilia uongo, namuua muntu mwenye alinipikia. Nikisema ilikuwa maji tu, bwana ya dada atauliza mbele ya bote: bidon ilikuwa nyuma, mbona hukufungua kapo? Haki ya Mungu, swali ile inaniogopesha kuliko amande yote ya mbuzi.

Ndugu zangu wa hii page, nipatieni akili, nifanye namna gani? Musinitukane sana. Toka ninunue ile Subaru, mpaka leo naandika hapa, sijue kapo yake inafungukia wapi.