Siku Niliyopuliza Maziwa

Harufu ya maziwa yaliyoungulia jikoni huwakunjisha watu pua. Mimi hunichekesha peke yangu kama mwehu, maana hunirudisha Woodbury, mji wa ughaibuni nilikokulia, asubuhi moja ya Januari, nikiwa na miaka minane na kosa nililoamini limeharibu mwaka mzima wa jirani zetu.

Kwetu maziwa hayakumwagika. Mama, mzaliwa wa Kinangop, alikuwa muuguzi wa zamu za usiku, na tangu kichwa changu kilipopita jiko alinipa kazi moja: kuchunga maziwa ya chai. Yakianza kufura, zima. Ukichelewa, zima huku unapuliza kwa pumzi zako zote. "Maji yakimwagika hayazoleki," alipenda kusema, "na maziwa ndio kabisa." Nilikuwa bingwa wa kupuliza, tena nilijivuna.

Mama akienda kazini nililala kwa Auntie Selvi, Mtamil wa India Kusini aliyeishi mlango wa pili kwenye korido yetu. Majira yale ya baridi mama yake alikuwa amekuja kumtembelea. Tulimwita Paati, yaani nyanya kwa lugha yao. Mimi na Paati hatukuwa na lugha moja, lakini kila jioni alinisuka nywele akiimba, nami nilimpenda mno. Wiki iliyofuata angepanda ndege kurudi kwao.

Asubuhi hiyo shule zilikuwa zimefungwa kwa baridi. Ilikuwa Pongal, sikukuu yao ya mavuno, siku ya kulishukuru jua. Kwao hupika uani, jua likiwatazama. Uani kwetu theluji ilifika magotini, basi Paati akaridhika na jiko la umeme karibu na dirisha la mashariki. Alichora maua kwa unga wa mchele juu ya kipande cha katoni mlangoni, maana zulia la korido lilikuwa la mwenye nyumba. Akaifunga sufuria mpya shingoni kwa mmea mbichi wa bizari ya manjano, akamimina maziwa yote yaliyokuwamo nyumbani. Auntie Selvi alinieleza kwamba lazima wapike jua likiwa bado dirishani, na kwamba Paati alitaka kumwachia baraka kabla ya kuondoka. Labda alinieleza na mengine, ila mimi nilikuwa nashangaa maua.

Maziwa yakafura. Wote wawili wakasogea, wakayatazama, na hakuna aliyenyoosha mkono. Nikaona wamezubaa. Niliruka, nikazima jiko, nikapuliza mpaka mashavu yakauma. Yakatulia. Nikageuka kungoja sifa.

Paati alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya sari. Auntie Selvi akaniambia taratibu kwamba Pongal maana yake ni kufurika. Maziwa yakimwagika, mwaka utajaa. Na kitu kilichopulizwa kwa mdomo hakiwezi kupewa jua. Maziwa mengine hayakuwapo, mume wake alikuwa ameondoka na gari, na jua halikuwa likitusubiri. Nililia kilio cha msibani. Paati alinipakata, nikazidi kulia.

Mama alinikuta hivyo alipotoka kazini, theluji bado iko kwenye kofia yake. Nilimweleza kwa Kiingereza, kama kawaida yangu, kwikwi katikati ya kila neno. Sikutarajia msaada. Alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, tena hata tone moja la maziwa lililomwagika lilimuuma.

Aliangalia dirisha. "Na hilo jua si ni Mungu aliliumba?" akasema. "Kimbia kwa fridge ulete ile galoni yetu. Yote."

Maziwa yalipofura mara ya pili, mimi nilimtazama mama. Alikuwa ameifungia mikono nyuma ya mgongo, vidole vimeshikana kwa nguvu. Midomo yake ilijikunja tayari kupuliza, akaibana. Povu likapanda, likasita ukingoni, kisha likateremka pande zote. "Pongalo Pongal!" wakapaza sauti Paati na Auntie Selvi, na king'ora cha moshi kikaitikia darini. Mama alisema "Woi!" halafu akacheka mpaka akaegemea ukuta, machozi yakimtoka.

Tukirudi kwetu, mimi nimebeba bakuli la wali mtamu wa sukari guru na iliki, akaniambia, "Unajua leo ndio mara ya kwanza naona maziwa yakimwagika na hakuna mtoto anachapwa?"

Nilicheka sana. Nilidhani ni utani.

Nilikuwa mtu mzima tayari mdogo wa mama aliponisimulia kwamba mama, akiwa na miaka minane kama mimi, aliachiwa kuchunga maziwa ya mtoto mgonjwa, akasinzia, yakamwagika. Ile alama ndefu mguuni mwake, aliyoniambia ni ya miiba, haikuwa ya miiba.

Siku hizi naishi Golden Valley, si mbali na Woodbury. Kila Januari huchemsha maziwa, nikayaacha, kisha nampigia mama simu asikie king'ora kinavyolia.

"Yamemwagika?" huuliza.

"Yote, Mama."

"Na kuna mtu amechapwa?"

"Hakuna, Mama. Hakuna hata mmoja."