Upinde wa Mvua Kwenye Mimbari

Atupele, fundi simu wa mtaa wa Chapwa, mpakani, ana ugonjwa mmoja: hawezi kushika kitu cha plastiki bila kukichungulia. Wateja wake wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wanaomwita Bana Mercy, yaani Mama Mercy, wameshamzoea. Unampa simu, naye anavua kava, analiweka katikati ya nailoni mbili za kijivu alizozibandua kwenye kioo cha televisheni mbovu, anaizungusha moja mpaka mwanga unazimika. Kisha anakuambia, "Litapasukia hapa, kwenye kona." Na hapo kwenye kona utaona rangi zimesongamana, nyekundu, kijani, buluu, kama dizeli juu ya dimbwi. Plastiki iliyotulia hubaki nyeusi, inayoteseka hujipamba. Wiki ya pili unarudi, kava limepasuka palepale, nawe unaanza kumwogopa.

Lakini mganga hajigangi. Mumewe Zebedayo hajachungulia hata siku moja. Ni fundi wa malori, na ana imani mbili tu maishani: Mungu yupo, na kitu kikilegea, kikaze.

Basi kanisa lao likaagiza mimbari mpya kutoka Dar es Salaam, ya plastiki nene ing'aayo kama kioo, yenye bolti nne. Mchungaji wao akifika kwenye jehanamu hupiga ngumi, kwa hiyo Zebedayo alipewa kazi ya kuifunga isitikisike. Aliilaza sakafuni akaifunga kwa spana ya magurudumu ya lori, kila nati akiikanyagia kwa mguu. Haikutikisika, tuseme kweli. Jumapili iliyofuata askofu angekuja kumwekea mikono awe mzee wa kanisa. Alikuwa ameisubiri siku hiyo miaka tisa, na shati lilikwishapigwa pasi tangu Jumatatu.

Alhamisi ilikuwa zamu ya Atupele kufuta vumbi kanisani. Alibandika nailoni moja dirishani nyuma ya mimbari, nyingine akaishika mbele ya jicho. Kila bolti ilizungukwa na pete za rangi, pete ndani ya pete, zimebanana. Na askofu yule ni mtu wa kilo mia na ushee, tena akihubiri huegemea. Akamwita mumewe aje.

"Baba Mercy, umekaza mno. Itapasuka hii."

"Mama Mercy, nafunga malori ya tani thelathini. Lipi limepasuka?"

Mzee Timotheo, kiongozi wa wazee wa kanisa, aliyekuwa akiwasikiliza, aliomba naye achungulie. Alitazama, akavua kofia.

"Upinde wa mvua," akasema. "Agano la Nuhu, ndani ya mimbari yetu!"

"Mzee, hayo ni maumivu ya plastiki," Atupele akamweleza.

Maelezo yalikuwa sahihi, ila hakuna aliyewahi kuokoka kwa sababu ya maumivu ya plastiki. Mzee aliuliza kama rangi zinaweza kuongezeka. Zebedayo akaongeza robo mzunguko. Rangi zikaongezeka, na haleluya zikaongezeka vilevile.

Jumamosi mchana Atupele alirudi peke yake, spana ya mumewe kaificha ndani ya kitenge. Alilegeza nati moja baada ya nyingine, akichungulia, mpaka pete zikayeyuka na mimbari ikabaki nyeusi tii mbele ya jicho lake. Alifurahi hata akaimba.

Jumapili askofu aliegemea, akapiga ngumi, akaegemea tena. Mimbari ilitulia. Atupele, kwenye benchi la kina mama, ndipo akapumua.

Kabla Zebedayo hajawekewa mikono, Mzee Timotheo alimwalika askofu auone upinde. Askofu akachungulia. Giza. Mzee akachungulia. Giza.

"Agano limetuondoka," Mzee akasema, na kanisa zima likamgeukia aliyefunga mimbari.

Atupele alisimama. "Nililegeza mimi, jana. Ndiyo maana Baba Askofu ameegemea asianguke."

Zebedayo alimsikia vizuri. Lakini macho mia tatu yalikuwa juu yake, na miaka tisa ni mingi. Akaagiza spana, ikaletwa, akaiendea mimbari. Atupele akamfuata, akamshika mkono. Zebedayo akaukung'uta. Akakaza nati ya kwanza, ya pili, na kwenye nailoni ya Mzee pete za rangi zikarudi, nzuri kuliko za Alhamisi. Kwaya ilishaanza pambio. Kwenye nati ya tatu mimbari ikalia kah!, ikapasuka kutoka kwenye tundu la bolti hadi sakafuni.

Uzee wa kanisa ukaahirishwa "mpaka Bwana atakapoelekeza." Mimbari ya mbao ikatolewa stoo, ikafutwa vumbi.

Kesho yake, kwa mara ya kwanza tangu waoane, Zebedayo alikuja mezani kwa mkewe. Alikuwa na kipande cha mimbari. Akakiweka mwenyewe katikati ya nailoni, akainama.

"Mbona hakina kitu?"

"Kimeshapasuka, Baba Mercy. Hakiumii tena."

Akakigeuza huku na huku. Atupele alimwonea huruma hata hasira zikamwisha.

"Ungenishika mkono," Zebedayo akasema.

"Nilikushika," Atupele akajibu. "Ulikuwa unakaza."