Jacklyne na Alama za Chuo

Jacklyne Awuor alikuwa na miaka ishirini, na kwa miaka minne ya mwisho hakuwa na mlango wa kufunga. Mume wa shangazi yake alimtoa nyumbani, mtaa wa Huruma, siku ya mvua, na tangu hapo akawa analala kwenye vibanda vya soko la Kariokor, katikati ya mabaki ya ngozi na akala, viatu vya matairi, zisizokwisha kushonwa. Mchana alishinda mtaa wa Jericho, kwenye kituo cha vijana wasio na makao. Pale palikuwa na uji, bafu la maji baridi, na wanafunzi wa chuo waliokuja kwa atachmenti, mafunzo yao ya kazini.

Walikuja kwa mafungu, Januari, Mei na Septemba, kila mmoja na daftari jipya na fomu ya maswali arobaini. Mkurugenzi Frankline aliwaelekeza wote kwa Jacklyne, kwa sababu hakulia ovyo wala hakuomba nauli. Basi akaulizwa na kila fungu alijihisi vipi siku ya kwanza kulala nje. Mwanzoni alijibu kwamba alihisi baridi, na hakuna aliyeandika. Baadaye akagundua kwamba ukitaja kukata tamaa kalamu zinakimbia, akawa anawapa kukata tamaa, na tumaini kidogo mwishoni ili wapate hitimisho.

Na kazi yao akaijua kuwashinda. Yeye ndiye aliyewaonyesha rejista, kabati la dawa lisilo na dawa, na namna ya kuandika barua ya kumpeleka mtu zahanati bila kurudishwa.

Mei hiyo alikuja Tiffany, binti wa mtaa wenye geti, viatu vyeupe, akisalimu kila mtu "niaje" kama anayejibu mtihani. Wiki mbili nzima aliogopa vikombe vya kituo. Lakini alikuwa na sikio, na Jacklyne alipomwambia kwamba swali la kumi na tatu ni la kijinga, alilifuta.

Alhamisi moja Frankline alikuwa na kongamano kuhusu vijana wa mitaani, kwenye hoteli yenye zulia. Akawabeba wafanyakazi wote, na wanafunzi pia, maana bango lilihitaji watu wa kulishika. Funguo akamwachia Jacklyne, kwa muda mfupi tu, alisema.

Saa nne asubuhi Mbinya, msichana wa kituo aliyekuwa na mimba ya miezi minane, akashikwa na uchungu. Jacklyne alimlaza kwenye kochi la Mkurugenzi, akapiga simu zahanati, akaandika barua, akavuka barabara hadi duka la vitambaa la Batulo, ambaye majirani walimwita Mama Leyla. Pikapu ya duka ilikuwa inapakiwa. Jacklyne akamwambia dereva ateremshe mzigo, na dereva, kabla hajajua anatii nani, alikuwa ameshauteremsha. Batulo aliyaona yote kutoka mlangoni, akapanda pikapu mwenyewe kumshika Mbinya hadi zahanati.

Jacklyne alirudi ofisini kujaza rejista. Hapo ndipo alipoingia Daktari Sylvance, mhadhiri aliyekuja kumpima Tiffany. Hakumjua kwa sura, kwani alifundisha darasa la watu mia tatu, na aliyekuwa mezani na kalamu alimtosha.

"Uko hapa tangu lini?" aliuliza.

"Miaka minne, daktari."

"Wiki nne," Daktari Sylvance akamsahihisha, akaandika.

Akataka kujua anatumia nadharia gani kwa mteja aliyevunjika moyo. Jacklyne alisema kwanza unampa chai, na humuulizi kitu mpaka aimalize. Mhadhiri akaandika mstari mrefu. Baada ya nusu saa aliondoka, akaacha nakala ya fomu mezani: tisini na mbili kwa mia. Chini alikuwa ameongeza kwamba mwanafunzi anawaelewa wateja kwa kina, ila avae nadhifu zaidi.

Tiffany alirudi alasiri na mkoba wa kongamano, akaisoma fomu mara mbili, akaketi. Frankline alisema jambo hilo lisitoke nje ya ofisi. Kesho yake Tiffany akaenda chuoni kulitoa. Daktari Sylvance alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza kwamba alama zimeshaingia kwenye mtambo, na kwamba wasichana wa siku hizi wana tabia ya kutojiamini.

Alirudi amekasirika, akamwambia Frankline amwajiri Jacklyne. Frankline alilipenda wazo hilo kiasi. Siku ya Jumatatu alimtangaza Jacklyne kuwa Balozi wa Vijana Wasio na Makao, akampa fulana. Mshahara haukutajwa.

"Nikipata nyumba, nitaendelea kuwa balozi?" Jacklyne aliuliza.

Frankline alifikiri sana. "Hapo itatuvurugia ripoti," akasema.

Jacklyne aliikunja fulana vizuri, akaiweka mezani, akatoka, akavuka barabara.

Batulo hakumuuliza alijihisi vipi. Alimuuliza kama anaweza kuamka mapema na kama anajua kupima kitambaa. La pili hakulijua, akafundishwa kwa siku mbili. Mbinya alijifungua salama, mtoto wa kike, na kufikia Septemba Jacklyne, Mbinya na mtoto walikuwa na chumba ghorofa ya tatu Huruma, chenye komeo la ndani.

Mwisho wa mwaka Tiffany alimletea ripoti ya kituo. Ukurasa wa saba ulieleza jinsi Jacklyne alivyookolewa na mpango wa Mkurugenzi, na kando yake palikuwa na picha ya msichana anayecheka. Jacklyne aliisoma akiwa amesimama kati ya majora ya vitambaa.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

Tiffany hakumjua. Alisema Frankline anamwalika Jacklyne kwenye uzinduzi wa ripoti, atoe ushuhuda kidogo, Jumamosi. Jacklyne akajibu kwamba Jumamosi duka hujaa, na Mama Leyla hawezi kuachwa peke yake. Akamrudishia ripoti, akamgeukia mteja aliyetaka mita tano za kitambaa cha buluu.